Gauni la Kitambaa cha Pazia

Sikwenda Gahanga kumtafuta Speransi. Nilikwenda kumlilia Mwalimu Hamisi, aliyenifundisha kutazama video, na kama ningeambiwa kwamba Speransi yumo ndani ya ule ua anamenya vitunguu na majirani, wallahi ningemwambia kijana wa pikipiki ageuze, nirudi zangu Nyamirambo nitume rambirambi kwa simu kama watu wa siku hizi. Hakuna aliyeniambia. Niliingia, nikavua viatu, nikampa mkono mjane, nikasema mwihangane kwa Wanyarwanda na poleni kwa wengine, nikakaa kwenye mkeka. Nilipoinua kichwa nikamwona ng'ambo ya sufuria, amenenepa, amejifunga kitenge kifuani, kisu mkononi, ananitazama. Hakutabasamu wala hakununa. Alirudi kwenye vitunguu vyake. Mimi mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye duka na mafundi watatu chini yangu, nilivuta mtandio nikajifunika uso kama mtoto.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na saba. Ya nyumbani kwetu siyagusi, kila mtu ana yake. Nilikuwa na chumba kimoja cha kushonea, chini kidogo ya msikiti, chenye cherehani mbili, kioo kirefu, na pazia kwenye kona ambako wateja walijaribia nguo. Jumamosi mchana nilifunga mlango nikaenda Gisozi, kwenye chumba cha ghorofani juu ya mafundi seremala, kwenye darasa la Mwalimu. Yeye alikuwa mtu wa Tanga. Siku za kazi alikuwa karani wa kampuni ya mizigo, lakini roho yake ilikuwa kwenye picha. Alitufundisha kwa Kiswahili kwa sababu tulikuwa mchanganyiko, Wanyarwanda, Wakongo, Warundi wawili na Mkenya mmoja mbishi, kila mtu na Kiswahili chake, na Mwalimu hakumcheka yeyote. Chini yetu mashine za kuranda mbao ziliunguruma bila taarifa, na harufu ya vanishi ilikaa kwenye nywele zangu mpaka Jumatatu. Zikiwaka, Mwalimu alinyamaza akamega andazi lake. Zikizima, aliendelea pale pale alipoliacha neno.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja hata siku moja. Video yoyote tuliitazama mara tatu. Mara ya kwanza kama watu wa kawaida, na muziki wake, anayetaka kutikisa bega atikise. Mara ya pili sauti ilizimwa kabisa. Mara ya tatu tuligeuza viti tukatazama ukuta, tukasikiliza tu. Ndipo alipouliza, na ole wako ujibu kwamba video inahuzunisha. "Sikuuliza umesikia nini moyoni," alikuwa akisema, "nimeuliza kamera imefanya nini." Imesimama wapi, juu ya mtu au chini yake? Nani yumo ndani ya picha, na nani amekatwa na ukingo? Mkato umekuja mtu akiwa bado anasema, au amekwisha? Kwa fundi cherehani maswali hayo yalikuwa matamu mno. Tangu nijue kazi nilikuwa nikizigeuza nguo za watu upande wa ndani nione mishono yake, na sasa nilikuwa nimempata mtu anayezigeuza picha vile vile. Nikajiona nimefika. Domo ninalo tangu zamani, lakini mwaka ule lilipata na masomo.

Mteja wangu mkubwa wakati huo alikuwa Madamu Klotilda wa Kibagabaga, mama wa makamo aliyekulia Bukavu, mpole, anayenukia vizuri, asiyeinua sauti hata akikasirika. Aliniita nimpimie mapazia ya sebule, kitambaa kizito cha rangi ya maziwa chenye maua ya zambarau, kisha akanikaribisha chakula. Tulikula ndizi, nyama na isombe, kisamvu cha huku kwetu, yeye na shoga yake na mimi, na msichana wake wa kazi akaleta sahani na kuondoa sahani. Shoga mtu alisema siku hizi wafanyakazi wanavaa vizuri mpaka mgeni hajui mwenye nyumba ni nani. Madamu akacheka, akaniambia kitambaa kitakachobaki nimshonee Speransi magauni mawili ya kazi, kisipotee bure. Nilipokwenda kunawa mikono nikamkuta huyo Speransi jikoni, anakula amesimama, sahani iko ukingoni mwa sinki, sikio liko sebuleni. Nilimpima pale pale akiwa bado anatafuna. Wiki mbili baadaye nilipeleka mapazia na magauni pamoja. Speransi alivaa, akaenda kufungua dirisha, na kwa kufumba na kufumbua akapotelea kwenye mapazia, ukabaki unaona kichwa na mikono. Madamu alicheka mpaka akashika ubavu. Na mimi nilicheka, sitajitetea.

Urafiki wetu ulianza baada ya hapo, kwa sababu ni yeye aliyetumwa kuchukua nguo za Madamu dukani kwangu. Alikuwa na miaka ishirini, mwembamba, mwenye maneno machache na macho yasiyokosa kitu. Jioni alisoma. Madamu alimruhusu kwenda shule ya watu wazima, na lazima niseme haki, majirani zake wengi wasingeruhusu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari, na mtihani wa taifa ulikuwa unakuja. Alikaa kwenye benchi karibu na kioo, mimi nashona, yeye ananipa daftari nimuulize maswali ya historia na baiolojia, na tulikula chapati na maharage kwenye sahani moja. Akikosea jibu alijipiga kofi pajani. Alitaka kuwa muuguzi. Ile nyumba ya Kibagabaga ilikuwa kitanda chake, chakula chake na ruhusa yake ya kwenda shule, vyote kwa mkupuo, na alilijua hilo kila asubuhi alipoamka. Mimi nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua habari ya mwenzake.

Siku moja alikuja na gauni lile la maua ndani ya mfuko, mshono wa kwapa umeachia wote. Nikamuuliza amebeba nini, magunia? Akaona haya, akafunga mlango. Kumbe darasani kwao kulikuwa na msichana mwenye kaka anayetengeneza video za nyimbo, na mwimbaji mmoja alikuwa ametunga wimbo juu ya mayaya. Huyo kaka alitaka mikono ya kweli, mikono inayojua kazi. Speransi aliomba ruhusa ya Jumapili kwenda kanisani, akaenda kupigwa picha kwenye nyumba ya kukodi, na gauni lake la kazi mwilini, maana nguo nyingine ya kuoshea sakafu, zaidi ya yale mawili, hakuwa nayo. Walimrudisha tena na tena kupandisha vyombo kabatini mpaka kwapa likapasuka. Aliwapa sharti moja tu, kwamba uso wake usionekane hata kwa bahati mbaya. Nilimuuliza kwa nini alijiingiza kwenye hatari yote hiyo. Akasema alitaka watu waone jinsi mtu anavyokula amesimama. Halafu akanishika mkono wenye sindano, akaniita sha kama wanavyoitana marafiki wa huku. "Zulfa, usiseme na mtu, sha. Madamu akijua, mimi shule imekwisha." Nikamwapia. Nilishona kwapa lile mara mbili kwa uzi mnene, bila kumtoza chochote, na nilijiona rafiki wa kweli.

Wimbo ulitoka, ukapigwa kila kona, na video ikaonyeshwa kwenye televisheni za vinyozi na vibanda vya chai. Mwalimu akagawa kazi za kuandika, kila mtu video yake, akanipa mimi ile. Ningeweza kusema nibadilishie. Sikusema, kwa sababu nilifurahi mno. Tuliitazama mara tatu, na ilipofika ya pili, bila sauti, darasa zima likatulia, hata Mkenya wetu. Kamera ilikuwa juu kabisa, karibu na dari, inamtazama msichana anayesugua sakafu mpaka anaonekana mdogo kuliko ndoo. Mezani kamera ilishuka ikakaa usawa wa macho ya wenye nyumba, ikawapa nyuso zao kwa utulivu, mmoja baada ya mwingine, na yeye akaingia kwenye picha kwa mikono tu, bakuli linashuka, sahani inaondoka, ukingo umemkata kwenye kiwiko. Sebule ilikuwa ya njano, yenye joto, na chumba chake cha nyuma kilikuwa cha buluu. Wenye nyumba wakiongea, picha ilingoja wamalize. Yeye kila alipogeuka kama anayetaka kusema, mkato ulikuja. Na tulipogeukia ukuta kusikiliza, tukagundua kwamba katikati ya wimbo muziki unakatika wote, inabaki sauti ya pasi inavyofoka mvuke kwenye kitambaa, kwa muda mrefu mpaka unataka kuinuka uizime.

Mwalimu akauliza kwa nini uso hauonekani tangu mwanzo hadi mwisho. Mashine zikaanza kunguruma, tukangoja, na katika kungoja kule nilipanga jibu langu vizuri. Zilipozima nikasema mwongozaji amemnyima uso kwa makusudi, kwa sababu jamii nayo imemnyima, tunaishi na watu hawa ndani ya nyumba tukiwajua kwa mikono yao tu. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na wenzangu wakaandika maneno yangu kwenye madaftari yao. Ukweli nilikuwa nao mimi peke yangu. Hakuna aliyemnyima Speransi uso, aliuficha mwenyewe ili asipoteze pa kulala. Hiyo nayo ilikuwa habari ya jamii, tena kubwa kuliko yangu, na nilikuwa nimeapa kuinyamazia. Ila sasa naitafakari na kuona kwamba nilifurahia jibu langu la uongo kwa sababu lilinipamba, na lile la kweli lilinitisha. Mpaka leo nikiona mtu anaichambua video kwa ufasaha mkubwa, nabaki najiuliza ni nini anachokijua asichokisema.

Niliandika kurasa tatu. Jina la Speransi sikuliweka, na nikadhani kwa kufanya hivyo nimetimiza kiapo. Lakini gauni sikuweza kuliacha. Ningeliachaje, mimi fundi? Wenzangu wangeandika juu ya taa na kamera, na mimi nilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine angekiona. Nikaandika kwamba vazi la msichana ni kitambaa cha pazia, rangi ya maziwa na maua ya zambarau, kwamba kumvisha mtu kitambaa cha dirisha ni kumhesabu pamoja na samani, na kwamba kwenye picha ya kabati ukitazama sana utaona mshono wa kwapa umeachia, na hiyo ndiyo sehemu pekee ambapo mwili wake unakataa. Mwalimu aliipenda aya hiyo kupita zote. Alitengeneza kijarida cha fotokopi, kurasa nane zilizobanwa kwa pini, na makala yangu ikawa ya kwanza, jina langu kamili juu. Niliichana ile karatasi, nikaibandika ukutani dukani, kando ya kioo, mahali ambapo mteja anayesubiri hawezi kukosa kuiona. Speransi alikuja wiki ile, akaisoma amesimama, akasoma tena. Akaniambia nimeandika vizuri. Kisha akasema, taratibu, kwamba labda ningeibandika upande wa ndani. Nikamwambia nani anasoma hapa, wateja wangu wanatazama kioo tu.

Madamu Klotilda alikuja Alhamisi kukatiwa pindo la sketi. Nilikuwa nimepiga magoti miguuni pake, pini mdomoni, na sikumwona akisoma, niliona tu kwamba miguu imekuwa kimya. Nikasikia sauti yake ile ile ya upole.

"Zulfa, kitambaa yangu yenye ilibakia, uliipeleka wapi?"

Hapa ndipo pa kunielewa, au kunilaani. Mjini kwetu hakuna tusi linalomuuma fundi kama hilo. Watu wana maneno yao, kwamba ukimpa fundi mita nne utarudishiwa nguo ya mita tatu na mwanawe ataonekana sikukuu amevaa mita ya nne. Mimi tangu siku ya kwanza nilirudisha mabaki yote, hata vipande vya upana wa vidole viwili, nimevikunja ndani ya mfuko, na kwa hilo nilisifika kutoka msikitini mpaka stendi. Madamu alidhani nimemwibia kitambaa nikawashonea watu wa video. Damu ilinipanda. Sikufikiri mtihani, sikufikiri kiapo, nilifikiri jina langu. Nikatoa pini mdomoni.

"Mabaki nilikurudishia yote, mama, mpaka uzi. Hilo ni gauni la Speransi lenyewe. Mimi siibi kitambaa cha mtu."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Madamu alibandua karatasi ukutani kwa makini, isichanike, akaikunja mara nne akaiweka kwenye mkoba, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akasema kwamba yeye ndiye aliyempeleka yule mtoto shuleni, yeye, si mtu mwingine. Akatoka na sketi yenye pini upande mmoja. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kusema nimekosea, kitambaa hicho kimejaa sokoni, nimeona wanawake kumi wamekivaa. Nilibaki nimepiga magoti, na, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu, kwamba sasa anajua mimi si mwizi.

Speransi alikuja jioni ile ile na begi moja la mkononi. Alikaa kwenye benchi lake. Nilimpa chai ya maziwa na chapati iliyobaki mchana, akainywa chai polepole na chapati akaikatakata vipande bila kuila. Akasema Madamu amemwambia aondoke, ameijua habari ya video. Nikauliza amejuaje. Aligeuza macho kwenye kioo. Kando ya kioo ukuta ulikuwa mtupu, na pembe nne za gundi zimebaki. Akasema labda ni yule kijana wa video ndiye aliyesema. Nami nikasema, labda. Nikainuka nikaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Mtihani ulikuwa umebaki wiki saba. Chumba changu kilikuwa na mkeka na blanketi, na shule yake ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Sikusema lala hapa. Sikuweza kufikiria kumwona kila asubuhi. Alimaliza chai, akaosha kikombe mwenyewe, akasema anakwenda kwa shangazi yake Gahanga, na mimi nilimsindikiza mpaka kituoni nikimbebea begi.

Mtihani hakuufanya. Nilisikia kwa watu kwamba shangazi alimhitaji shambani, na kutoka kule hadi shule usingeweza kwenda na kurudi jioni. Mwalimu alinisifu mwaka mzima, na kabla ya mwaka kwisha niliacha darasa nikamwambia kazi zimezidi. Hakunishikilia. Nadhani aliona kitu, maana alikuwa hodari wa kuona, lakini hakuwahi kuniuliza.

Basi pale kwenye ua wa msiba, chakula kilipokwisha kupakuliwa, nilijikokota nikaenda nyuma ya nyumba ambako Speransi alikuwa anasuuza masufuria. Alikuwa jirani wa Mwalimu, viwanja vitatu tu kati yao, na kule nyuma watoto wa mtaa walimwita mama, maana amefungua mahali pa kulelea watoto ambao mama zao wanakwenda kazini. Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia kwamba si yule kijana wa video. Ni mimi niliyesema, kwa mdomo wangu, na nikamweleza yote, pini, pindo, mita za kitambaa. Nililia, tena kwa kelele, mpaka mwanamke mmoja akachungulia akidhani namlilia marehemu.

Speransi alifunga bomba.

"Nilijua," akasema. "Madamu alinisomea karatasi yako yote, mezani, siku ile alinikalisha kwa mara ya kwanza. Jina lako liko juu. Nikaja kwako. Ile ya kijana wa video nilisema kusudi, nikupatie nafasi. Nilingojea useme hapana, Speransi, si yeye."

Akaendelea kwa sauti ya chini, anakausha mikono kwenye kitenge.

"Ile ya Madamu ningekusamehe siku ile ile, sha. Mdomo unateleza. Lakini ulinibebea begi."

Nikamwomba msamaha. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyarwanda, kana kwamba lugha moja haitoshi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema kwamba mimi nimekuwa na miaka kumi na minne ya kulipanga neno hilo, na yeye ndiyo kwanza analisikia, kwa hiyo nimwache nalo kidogo. Akaomba namba yangu ya simu, akaiandika. Nilipotaka yake akatikisa kichwa. "Nitakupigia mimi," akasema, akafungua bomba tena.

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Mafundi wangu wananiuliza kwa nini siku hizi nashona na simu mapajani.